Mifuko Tisa ya Damu Isiyotiwa Maji

Siku niliyostaafu mlinipa saa ya ukutani na keki, na Hassan akasimama akasema kwamba nimeitumikia friji ya damu kwa moyo wangu wote. Hakusema ni mifuko gani ilipita na ipi haikupita. Hiyo ni adabu yake. Lakini nyinyi mnaoanza sasa, Ubah na Saidi na wengine mtakaokuja, mliniomba niwaandikie nilichojifunza mle ndani, na saa ya ukutani haiwezi kuwaambia. Mimi nimesoma mpaka darasa la pili na chuo cha Qur'ani, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya, isogezeni wenyewe. Majina siyakosei.

Niliingia hospitalini kufagia. Bi Zeituni, aliyefagia kabla yangu, alikuwa ameolewa Burgao, akaniachia ufagio uliobaki nusu. Siku ya kwanza nilipewa chumba cha maabara, na mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa Mzee Khalifu, fundi wa damu, ambaye alivaa miwani mbili moja juu ya nyingine kwa sababu hakuna iliyomtosha peke yake.

"Unaogopa damu?" akaniuliza.

"Nimezaa watoto saba, Mzee."

"Basi futa friji."

Huo ndio usaili wote niliowahi kufanyiwa maishani. Nikaifuta friji, na kesho yake akanifundisha kuisoma, kwa sababu macho yake yalikuwa yakimsaliti na hakutaka daktari ajue. Kila asubuhi, kabla hujagusa kitu, tazama kipimajoto. Kiwe kati ya mbili na sita. Kikishuka sana damu hushika barafu, na chembe zake hupasuka; kikipanda, wadudu hufanya arusi humo ndani. Kisha mfuko usiutikise kama unayetikisa dumu la mafuta. Usimamishe uutulize, uweke kitambaa cheupe nyuma yake, utazame pale ambapo wekundu unaishia na maji ya juu yanaanza.

"Samaki unamjuaje kama bado mzuri?" akaniuliza.

"Kwa mashavu."

"Mashavu ya damu ni hapa. Juu yakiwa manjano, mpe mgonjwa. Yakiwa mekundu, jua chembe zimepasuka, na vilivyokuwa ndani yake vimemwagika. Usimpe mtu hata akulilie."

Kila mfuko ulikuwa na namba, lakini mimi namba hunitoka. Nilichofanya ni kuwakumbuka wenyewe. Mimi ndiye niliyewakalisha wachangiaji, nikawapa juisi na biskuti, nikawazuia wasiinuke kwa haraka wakaanguka mbele za watu. Kwa hiyo nikifungua friji nilikuwa sioni mifuko. Nilimwona Omari Bakari rafu ya juu, na shemeji yake waliyegombana naye kamlalia ubavuni. Mzee Khalifu alisoma namba, mimi nikamsomea watu, na tulikuwa hatupishani. Nje ya mlango ule jina sikulitoa hata mara moja. Nalisema hili kwa sababu mji huu unajua ninavyopenda kusema.

Enzi hizo damu ilikaa kwenye mfuko mmoja kama ilivyotoka, yote pamoja, siku thelathini na tano. Mzee Khalifu akafariki, Allah amrehemu, nami nikarithi kitambaa. Baadaye akaja Hassan, kijana wa Fanole mwenye cheti, anayeniita Ayeyo kama anavyomwita bibi yake kwa Kisomali. Alikuja na elimu yote isipokuwa ya kumkatalia mtu.

Kisha ikaja mashine ya kuzungusha damu, na pamoja nayo mifuko mipya. Kila mfuko mkubwa ulikuwa umeunganishwa na vifuko viwili kwa mirija, kimoja kitupu na kimoja kina maji meupe safi. Akatumwa Bi Sahra kutoka Mogadishu kutufundisha. Alikuwa mdogo kuliko binti yangu wa tatu na alitembea kama mwenye nyumba. Akatuonyesha: unazungusha, chembe nyekundu zinakaa chini, maji ya manjano unayasukuma kwenye kifuko kitupu yakafanye kazi nyingine. Hapo chembe zimebaki peke yake. Ndipo unapovunja kizibo cha kile kifuko cha pili, maji meupe yakashuka juu yake.

"Kwa nini tuzitie maji?" nikauliza.

"Si maji ya bomba, mama. Hii damu iko hai. Hata ndani ya baridi inakula. Ulipoondoa maji ya manjano umeondoa chakula chake na nafasi yake ya kupumua. Humu mna sukari ya kula, mna chumvi ya kulingana na mwili, mna dawa ya kuipa nguvu, na nyingine ya kushika ngozi ya chembe isipasuke. Ukiitia, inakaa siku arobaini na mbili. Usipoitia, ishirini na moja, basi."

"Kwa hiyo haizeeki."

"Inazeeka. Chembe zinakuwa ngumu, zinapoteza umbo, chumvi ya ndani inavuja nje, na moyo wa mgonjwa haupendi chumvi hiyo ikizidi. Sisi tunapunguza kasi tu."

Nikamuuliza kama ana kifuko cha kunitilia mimi, maana magoti yalikuwa yameshapita siku zake. Hakucheka. Akaondoka akatuachia karatasi yenye picha, nasi tukaibandika ukutani nyuma ya mlango, mahali ambapo mlango ukifunguliwa haionekani.

Wiki ya kwanza tulifanya kila kitu kama alivyosema. Tatizo likaja dirishani. Mnajua jamaa za mgonjwa hupokelea damu dirishani na kuibeba wenyewe mpaka wodini, na mnajua mji huu unavyoyajua maziwa. Kila mwanamke wa Kismayo anaweza kuinamisha kikombe cha maziwa ya ngamia akakwambia yametiwa maji kiasi gani na aliyeyatia amelala upande upi. Sasa watu hao hao wakainamisha mfuko wa damu. Wakaona inacheza, nyepesi, ina maji juu.

"Hii mmeizidisha," akaniambia mtu mmoja wa Alanley, jina lake Guled, ambaye mamake alikuwa wodini. "Damu ya ndugu yangu ilikuwa nzito, nimeiona ikitoka. Nusu yake iko wapi?"

"Imetiwa dawa ya kuitunza."

"Wote husema hivyo. Hata wauza maziwa wa sokoni husema ni dawa ya dumu."

Siku ya pili wakaja watatu. Siku ya tatu mwanamke mmoja akanyanyua mfuko juu mbele ya foleni nzima kama aliyekamata mwizi. Mimi niliyekaa na friji hiyo miaka yote nikaitwa muuza maziwa. Nikaingia ndani nimewaka.

"Hassan," nikamwambia, "haya maji yako usiyatie tena. Kata kifuko utupe. Tuwape watu damu yao kama walivyoizoea."

"Ayeyo, Bi Sahra alisema..."

"Bi Sahra yuko Mogadishu. Dirishani niko mimi."

Nimewaambia Hassan hajui kukatalia. Akachukua kibanio, akaubana mrija, akakata. Kuanzia siku hiyo tukawa tunatoa damu nzito, nyekundu ya kukoza, isiyocheza mfukoni. Foleni ikatulia. Guled mwenyewe akarudi akanishika mkono akasema sasa mmekuwa waaminifu. Lakini lebo ya siku arobaini na mbili ilikuja imechapwa kiwandani, nasi tukaiacha pale pale. Maji tumeyatoa, siku zake tumezibakisha. Hakuna muuza maziwa aliyewahi kuthubutu hivyo.

Wauguzi wakaanza kuniambia damu yetu mpya haishuki kwenye sindano, mpaka waikamue kwa mkono. Nikajibu kwamba kitu kizuri hakina haraka. Mgonjwa mmoja akapata homa, nikasema ni malaria. Niliwaambia hivyo kwa sauti ya mtu anayejua, na mjihadhari na sauti hiyo, hasa ikiwa ni yenu.

Basi siku moja baada ya adhuhuri ikafika boti ya mashine kutoka Kudhaa, na bajaji ikamleta Mwanaesha. Alikuwa amezaa alfajiri, mtoto mzima, lakini damu haikukatika njia nzima. Alikuja na mumewe Athmani, mpiga mbizi wa kamba mawe, na mavyaa wake Bi Mwanamkuu, amempakata mtoto ndani ya leso. Daktari Nuru akaizuia damu isitoke tena. Ile iliyokwisha kumwagika baharini haikuwa ya kurudi, na midomo ya Mwanaesha ilikuwa na rangi ya jivu.

Kundi lake lilikuwa O hasi, lile la shida. Tukawapima Athmani, Bi Mwanamkuu na kila aliyeshuka botini. Hakuna aliyelingana. Mjomba wake mwenye kundi hilo alikuwa Burgao, lakini kumleta ni kesho. Frijini mlikuwa na mifuko miwili tu. Hassan akaipima yote na damu ya Mwanaesha, yote ikakubaliana.

"Nataka mmoja sasa hivi," akasema Daktari Nuru kutoka mlangoni. "Mmoja utamfikisha mpaka huyo mjomba aje. Bila huo hafiki magharibi."

Mfuko wa kwanza ulikuwa wa Mzee Shee, fundi mashua aliyehamia mjini kutoka Fuma. Ulikuwa na siku thelathini na tatu, mzito, tulioukata maji. Wa pili ulikuwa na siku thelathini na tisa, wa ile wiki ya kwanza tulipokuwa bado tunamtii Bi Sahra, una maji yake yote. Nikaisimamisha yote miwili dirishani penye mwanga, nikaweka kitambaa nyuma, nikasubiri itulie. Kusubiri huko ndiyo kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote nilizofanya, maana wodini mtu alikuwa anaisha.

Mfuko wa Mzee Shee ulikuwa na utando mwembamba tu juu, na utando huo ulikuwa na rangi ya zambarau. Ule mkongwe wenye maji, juu yake palikuwa na rangi hafifu kama chai ya mgonjwa. Mfuko mchanga ulikuwa umeharibika na ule mkongwe ulikuwa mzima. Nikatazama tena kwa sababu sikutaka kuamini. Nikakumbuka ile karatasi nyuma ya mlango.

Bi Mwanamkuu alikuwa amesimama upande wa pili wa dirisha, uso umekaribia kioo.

"Tupe hiyo nzito," akasema.

"Hii ndiyo nitakayompa," nikasema, nikashika yenye maji.

"Hiyo? Hiyo si imezimuliwa? Mchu wangu, mtu wangu huyu, hatiwi maji! Maziwa ya Halima pale sokoni yana afadhali!"

Hapa lazima niwaambie kitu ambacho siku ile sikumwambia. Mfuko aliokuwa anaukataa ulikuwa wa Halima mwenyewe, yule yule wa sokoni. Mji mzima unamsema anazidisha maji, na kila ikifika zamu yake huja kutoa damu na kuondoka bila biskuti. Nikameza jina hilo. Lilishuka kwa shida kama ile damu nzito.

"Bi Mwanamkuu," nikasema, "hiyo nzito imeharibika. Nimeiharibu mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Ilitakiwa iwekewe haya maji, nikaamrisha yakatwe kwa sababu watu walinipigia kelele hapa dirishani."

"Usinitie katika makosa yako. Mimi nimefika leo."

"Wewe humo. Ni yangu peke yangu."

Bi Mwanamkuu akamgeukia mwanawe. "Athmani, unasikia? Mwenyewe anakiri kuharibu, na bado anataka tumwamini na hii!"

Athmani akasogea karibu na kioo. Akaniuliza, "Hiyo damu ndani ya mfuko, bibi, ni kitu kilichokufa au kiko hai?"

"Iko hai. Inakula."

"Inakula nini?"

"Hayo maji."

Akamtazama mamake. "Mama, kamba wetu tunawaweka ndani ya nini mpaka mnunuzi aje?"

"Ndani ya tundu, baharini. Kwani kamba wana nini hapa?"

"Na yule niliyesahau kwenye gunia kavu?"

Bi Mwanamkuu akaukunja mdomo. "Alikuwa mzito," akasema, "mpaka ulipomvunja. Ndani alikuwa uji."

"Basi."

Akanyoosha mikono dirishani, nikampa mfuko wenye maji. Aliubeba kama anayebeba yai. Bi Mwanamkuu akamfuata huku akinigeukia: "Na nikimwona amevimba nitajua ni yale maji yako!"

Damu ya Halima ilishuka yenyewe, tone kwa tone, hakuna aliyeikamua. Alasiri rangi ya midomo ya Mwanaesha ilikuwa imeanza kurudi. Baadaye akaomba chapati ya anjero, na alipoletewa akalalamika imepoa, na hapo Daktari Nuru akatoka nje akaketi kwenye ngazi. Kufikia jioni Bi Mwanamkuu alikuwa anaieleza wodi nzima jinsi yeye alivyoichagua ile nyepesi kwa macho yake. Asubuhi mjomba akafika kutoka Burgao, naye akatoa wake, na bibi huyo akasimama juu ya kichwa cha Hassan kuhakikisha maji yote yametiwa. "Usimbanie," akamwambia. "Mtilie mpaka tone la mwisho."

Nikaenda kwa Daktari Nuru nikamweleza yote, kifuko, kibanio, lebo, homa niliyoiita malaria. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo baya kuliko kelele. Kisha akasema, "Twende frijini."

Mifuko tuliyoikata maji iliyokuwa imebaki ilikuwa kumi na mitatu. Minne ilikuwa haijafika siku ishirini na moja. Tukafuta lebo, tukaandika tarehe yake ya kweli, ikawekwa mbele itumike kwanza. Tisa ikatoka. Wagonjwa waliokwisha kutiwa damu hiyo tukawafuatilia mmoja mmoja. Wawili walikuwa wameugua baadaye, Maryan Yusuf na mzee Bwana Heri, mkojo umeingia weusi. Wakapona. Si mimi niliyewaponya.

"Ayeyo, niandike nini?" Hassan akauliza, amefungua kitabu cha mifuko iliyotupwa.

"Andika ilikatwa maji kwa amri yangu."

"Watu huandika 'imeharibika.'"

"Yenyewe haikujiharibu."

Akaandika namba, mimi nikamsomea watu: Omari Bakari, Faduma Jama, Kassim wa msikitini, Mwanamisi, ndugu wawili Ali na Abdi, mwalimu Zahra, Yusufu wa bajaji, Mzee Shee. Ikaenda kuchomwa. Hakuna kanuni inayosema umwendee mtu umwambie damu yake imechomwa, na Daktari Nuru alinikumbusha hivyo. Lakini watu hao nilikuwa nimewaambia mimi kwa kinywa changu, wakiwa bado wanatafuna biskuti, kwamba mtu ataishi kwa hiyo.

Nikazunguka nyumba tisa. Omari Bakari alicheka, akasema angalau haikumfikia shemeji yake. Faduma Jama alifunga mlango, na alikuwa na haki. Mwalimu Zahra alitaka aelezwe yale maji yana nini, akaandika, akasahihisha maneno yangu. Ali na Abdi, kila mmoja nyumbani kwake, wakauliza kama wanaweza kurudi kutoa nyingine, na kama biskuti ni zile zile.

Nyumba ya Mzee Shee niliiacha ya mwisho. Alikuwa amekwisha kufika umri ambao hospitali haipokei tena. Mfuko ule ulikuwa wake wa mwisho, na siku aliyoutoa alikuja amevaa kanzu. Nilimkuta barazani kwake Farjano na wenzake wawili, na kabla sijakaa akawaambia, "Huyu hapa muulizeni. Si yangu iliyomwokoa yule mwanamke wa Kudhaa? O hasi mji huu ni nani mwengine?"

Wenzake wakanitazama. Nilikuwa na kanuni mkononi: jina la aliyetoa halitajwi kwa yeyote. Ningenyamaza tu, ningekuwa nimetii, na yeye angekuwa na furaha mpaka kaburini. Sijawahi kuipenda kanuni ile kama dakika ile.

Nikawaomba wenzake watupishe. Wakainuka kwa taabu.

"Haikuwa yako, Mzee Shee," nikasema. "Yako ilikuwapo, nikaiharibu kwa amri yangu. Imechomwa."

Alishika fimbo yake akaiachia. "Ya nani basi iliyomwokoa?"

"Hilo silisemi."

"Yangu haikumfikia mtu."

"Hii haikumfikia mtu."

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anapiga msumari, akipumzika, akipiga tena.

"Na zile za nyuma?"

"Zile zilifika zote."

"Kwa wangapi?"

Namba sikuwa nayo. Nikaingiza mikono chini ya leso nikaanza kuwahesabu kwa vidole, kila mmoja kwa jina lake, moyoni, kuanzia msichana wa kwanza wa Koyama aliyeanguka kisimani. Vidole vikaisha, nikarudia mmoja.

"Kumi na mmoja," nikasema. "Wawili wamekufa baadaye kwa mambo mengine."

"Kumi na mmoja," akasema Mzee Shee. Akageuka akaita ndani kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Leteni chai! Mgeni yuko hapa tangu saa ile, hajanywa kitu!"

Nilikuwa nimeshakunywa katika nyumba saba siku ile. Nikainywa na hiyo, yote, mpaka majani.